Muhula Mmoja Dar es Salaam, kwa Njia ya Shaba
(Hotuba kwa wanafunzi wa historia na wa lugha, Lubumbashi)

Walimu wetu wapendwa, baba na mama mliokuja kutusikiliza, kaka na dada wa mwaka wa mwisho, nanyi wadogo zangu mlioanza masomo mwaka huu, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa niwaeleze muhula nilioutumia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Najua wengi wetu tukisikia kwamba mwanafunzi amekwenda kusoma ng'ambo, mawazo yanaruka moja kwa moja mpaka Brussels au Liège, na siku hizi mpaka Beijing. Miji hiyo ina vyuo vizuri, na atakayeipata nafasi aende. Lakini nina ombi, na nitalitoa mapema: anayesoma historia ya Katanga, eneo letu hili la shaba, kabla hajaomba Ulaya, aombe kwanza Tanzania. Nauli ni sababu mojawapo, tena si ndogo kwa familia zetu. Ila sababu kubwa ni kwamba habari zetu nyingi zimehifadhiwa kule, watu wa kutusimulia wapo kule, na lugha ya kuwauliza tunayo tayari mdomoni.

Nianze na njia yenyewe, kwa sababu masomo yangu yalianzia barabarani.

Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, si hata kilomita mia. Kila mtu hapa anaijua foleni ile ya malori. Tumeizoea, tunailalamikia, halafu tunarudi nyumbani. Mimi safari hii niliifuata. Ukivuka unaingia Chililabombwe, kisha Chingola, Kitwe, Ndola, na mpaka hapo bado unajisikia uko kwenu: udongo ni uleule mwekundu, vilima vya mabaki ya migodi ni vilevile, na Kibemba cha sokoni kwao ndicho kinachosikika katika masoko yetu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi nami basini alitoka Katuba kwenda kumzika shangazi yake Kitwe. Kwake mpaka ulikuwa mahali pa kugonga muhuri tu.

Mambo yanabadilika Kapiri Mposhi. Hapo ndipo inapoanzia reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Nilikuwa nimesoma sababu yake darasani: walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa watu wasiowatakia Waafrika mema, na Kaunda na Nyerere wakatafuta njia ya kuipeleka shaba baharini bila kuwapigia magoti. Mimi nilikwenda kwa basi, lakini kuanzia hapo reli ile inaambatana na barabara kwa safari ndefu. Unaiona, inapotea, unaiona tena: Serenje, Mpika, hadi Nakonde. Mtu aliyeisoma kwenye daftari akiiona kwa macho anaelewa ukubwa wa uamuzi ule. Ni pori, milima, mito, na tena pori.

Nakonde unavuka kuingia Tunduma, upande wa Tanzania, na saa yako unaisogeza mbele kwa saa moja. Hapa niseme na watakaosafiri. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, si chini ya sanduku. Barua ya chuo kinachokupokea iwe na muhuri unaosomeka. Kibali cha kuishi, kile cha daraja C wanachopewa wanafunzi, kianze kushughulikiwa mkiwa bado hapa Lubumbashi, maana anayefika bila kukianza hupoteza majuma ya masomo akihangaika na karatasi.

Baada ya Tunduma ni Mbeya, ambako baridi yake ilitushangaza sote tuliotoka kwenye joto. Halafu Makambako, Iringa, na mlima Kitonga. Kitonga sitausahau. Barabara inateremka kwa kona kali, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na basi letu lilikuwa nyuma ya malori matatu yaliyotoka kwetu. Yalishuka kwa gia ndogo, moja nyuma ya jingine, harufu ya breki ikiingia mpaka ndani ya basi. Kwenye lori la mbele yetu turubai lilikuwa limeachia pembeni, na niliweza kuyaona mabamba ya shaba yamepangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, yaking'aa rangi ya waridi kwenye jua la jioni. Dereva msaidizi alikuwa ametoa kichwa dirishani akiangalia magurudumu ya nyuma. Nimezaliwa na kukulia karibu na bomba refu la kiwanda cha shaba, na ndugu zangu wamefanya kazi mgodini, lakini sikuwahi kuwaza shaba yetu inaondokaje na inapita kwa nani. Pale Kitonga niliwaza.

Tukapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, ambako twiga walisimama karibu kabisa na lami, tukafika Morogoro, na mwishoni Dar.

Chuo kiko juu ya kilima, ndiyo maana watu wa Dar wanakiita Mlimani. Lakini hakikuanzia hapo. Mwaka 1961 kilipofunguliwa kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kilianza na kitivo cha sheria peke yake, ndani ya jengo la chama cha TANU mjini, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Naomba mlitulize hilo akilini, wandugu. Mwaka huohuo wa 1961, tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba aliuawa porini Shilatembo, kwa gari ni karibu tu na ukumbi huu. Jina lake Dar es Salaam liko kwenye kibao cha mtaa, makondakta wanalitaja, wauza vitabu wanapanga vitabu vyao chini yake. Nilipita hapo mara nyingi, na kila mara nilisimama.

Sasa masomo. Niwaambie ukweli mapema ili msije mkashtuka: wanaodhani kwamba chuo cha Dar kinafundisha historia kwa Kiswahili hawakupata habari kamili. Mihadhara ya historia inatolewa kwa Kiingereza, insha zinaandikwa kwa Kiingereza, mtihani pia. Kwa sisi tuliolelewa na Kifaransa cha darasani, majuma ya mwanzo ni mazito. Nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja kwa muda ambao wenzangu walimaliza sura. Kilichoniokoa ni kile kilichofuata baada ya mhadhara. Mwalimu akishatoka, wanafunzi wanakaa kwenye viti vya zege chini ya miti na kuanza kujadiliana, na mjadala wote ni kwa Kiswahili. Hoja iliyonipita ndani ya ukumbi niliipata pale nje, imechambuliwa, imepingwa, imetolewa mifano. Nami niliweza kujibu. Mgeni kutoka Norway au Marekani, na tulikuwa nao, hakuwa na bahati hiyo.

Upande wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ni tofauti, huko kila kitu ni Kiswahili. Nilichukua kozi moja ya fasihi simulizi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliandika insha ya kitaaluma kwa Kiswahili, yenye dai, ushahidi na marejeo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mimi nimekiongea tangu nimeanza kuongea, nyumbani, sokoni na kanisani. Lakini sikuwahi kukitumia kujenga hoja kwenye karatasi mpaka mwisho wake. Niliporudishiwa insha ile na maelezo ya mwalimu pembeni, kwa Kiswahili, akinibana kuhusu ushahidi wangu, nilifurahi kuliko alama yenyewe. Walimu wetu mlioko hapa, nawasihi mtupe nafasi hiyo hata kwenye kozi moja.

Idara ya historia ya Dar nayo ina Mkongomani ndani yake. Katika idara ile alifundisha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, na kwa miaka mingi alifundisha pia Ernest Wamba dia Wamba, Mkongomani mwenzetu aliyefariki mwaka 2020. Na ukitoka nje ya chuo, ukipanda daladala ya kuelekea Sinza, kondakta ataita kituo cha "Kwa Remmy". Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu huku Kongo, aliyehamia Dar miaka ya 1970, akaimba kwa Kiswahili shida za watu wa kawaida, na akafa akiwa ni wao mwaka 2010. Kabla yake walikuwa wameshafika wanamuziki wa bendi ya Maquis kutoka upande wetu huu wa Katanga. Watu wa umri wa wazazi wangu walipojua natoka Lubumbashi, walinikumbusha majina ya wapiga gitaa ambao mimi sikuwajua, na ilinibidi nimpigie baba simu nimuulize.

Maisha ya kila siku nitayapitia haraka. Hosteli tulilala kwenye vitanda vya ghorofa, na dada tuliokaa chumba kimoja walitoka Songea, Mwanza na Pemba. Chakula ni kwa mamantilie: wali na maharage, ugali na dagaa, chapati na chai ya rangi. Ugali wao ni wa mahindi matupu, na nilikumbuka bukari yetu iliyochanganywa unga wa muhogo, pamoja na sombe ya mama, yaani majani ya muhogo. Pesa huisha haraka Dar kwa nauli na kunakili vitabu, kwa hiyo anayekwenda aweke fungu la kunakili peke yake. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, husaidia kwenda mjini, na asubuhi hujaa sana. Ndivyo tulivyoishi.

Ninachotaka kukaa nacho ni Msiri.

Sote tumefundishwa habari za Msiri, Ngelengwa Mwenda, mtawala wa Bunkeya, mfalme wa Bayeke. Tunajua kwamba alitoka mashariki na wafanyabiashara waliokuja kutafuta shaba katikati ya karne ya 19, akajenga dola iliyouza shaba, pembe za ndovu na, hili tusilifiche, watu. Tunajua kwamba tarehe 20 Desemba 1891 ofisa Mbelgiji Omer Bodson alimpiga risasi, naye Bodson akauawa siku hiyohiyo. Hapa kwetu habari inaanza Msiri anapofika na inaishia risasi inapolia. Nilipofika Tanzania niliona kwamba hiyo ni sura moja ya kitabu.

Msafara uliomuua, ulioongozwa na Kapteni Stairs kwa niaba ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ulianzia pwani ya Tanzania ya leo. Nilikwenda Bagamoyo, mwendo mfupi wa basi kaskazini mwa Dar. Majengo ya zamani ya matumbawe yamesimama karibu na maji, na lipo lile la misafara ambako wapagazi walipokelewa wakitoka bara. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ipo mpaka leo, na ndani yake mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza. Nilitembea ufukweni nikitafakari kwamba mamia ya watu wa Stairs, wengi wao wapagazi wa pwani na Zanzibar, walikwenda kwa miguu kutoka huku hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Karema, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakafika Bunkeya wakati wa njaa. Kwa wanafunzi wa kwetu, watu hao hawana sura. Huko Tanzania ni babu za watu.

Kisha nilipanda treni kwenda Tabora, kwenye reli ya kati waliyoijenga Wajerumani. Nimesafiri usiku kucha, na kila kituo akina mama walikuja madirishani na karanga, mahindi ya kuchemsha na, tulipokaribia Tabora, asali kwenye chupa za maji. Mwenyeji wangu, mzazi wa mwanafunzi mwenzangu, alinipeleka kwa mzee wa Kisumbwa, kabila la asili ya Msiri, jirani yao. Nilimwamkia kwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Katanga.

"Kwenye shaba," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ndiyo, babu.

"Kwetu Ushirombo wazee walikuwa wakisema wapo ndugu waliokwenda kwenye shaba, wakaoa hukohuko. Mwenda ni wa hao. Bado wanazungumza lugha yetu?"

Nikamweleza kwamba Bunkeya bado ina Mwami wake wa ukoo uleule, ila watu wa kule sasa huzungumza zaidi Kisanga na Kiswahili, na Kiyeke kimebaki kwa wachache. Alinyamaza, akanitajia majina ya koo, mojamoja, akitaka nimwambie lipi nimewahi kulisikia kwetu. Mawili nilikuwa nayajua. Ni majina ya familia za watu niliosoma nao sekondari.

Kwa mwanahistoria huo ni ushahidi, na haupatikani Brussels. Pale Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika karibu na Brussels, kuna nyaraka nyingi za Katanga, ni kweli, na siku moja nami nataka kuzisoma. Lakini nyaraka zile ziliandikwa na waliokuja kutuchukua. Mzee wa Tabora ni wa upande wa waliotuzaa.

Na Tabora haikuishia hapo. Mwezi Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliuteka mji ule kutoka kwa Wajerumani. Jenerali aliyeliongoza, Tombeur, alikuwa amewahi kuwa mkuu wa utawala huku Katanga. Askari walikuwa Wakongomani, na nyuma yao wapagazi wasiohesabika waliokufa kwa njaa na maradhi. Baada ya vita, mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite. Ndiyo maana nasema shaba niliyoiona Kitonga haikuanza safari hiyo jana. Wamebadilika wanaoimiliki, ila mwelekeo umebaki uleule: misalaba ya shaba iliyobebwa vichwani, kisha reli na meli za Wabelgiji, na leo malori.

Maktaba ya Mlimani ina sehemu inayoitwa East Africana, na mjini Upanga kuna Nyaraka za Taifa. Huko nilisoma kumbukumbu za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alizoziandika kwa Kiswahili mwishoni mwa maisha yake, akieleza alivyompiga chifu Nsama wa Itabwa, kati ya maziwa ya Mweru na Tanganyika, mlangoni mwa nchi yetu. Nilizisoma bila kamusi na bila mtafsiri. Ni maneno ya mtu aliyetuumiza, na inafaa tuyasome wenyewe, kwa macho yetu.

Sasa nigeukie walimu na viongozi wa vitivo. Tangu tuingie kwenye mfumo wa LMD, wa shahada tatu za licence, master na doctorat, mambo haya yamekuwa rahisi kuliko walivyoyakuta kaka zetu. Mwaka wetu una krediti 60, na wa Tanzania una krediti 120, kwa sababu wao wanahesabu saa chache zaidi kwa kila krediti. Sisi tunasahihisha kwa 20, wao kwa mia: arobaini za kazi za muhula na sitini za mtihani. Jedwali moja la kubadilishia alama na krediti, likisainiwa kabla mwanafunzi hajaondoka, linatosha kumlinda asirudi kurudia mwaka. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na jumuiya hiyo ilijitangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu tangu mwaka 2017. Baraza la vyuo vikuu la jumuiya hiyo lipo Kampala kwa kazi hiyohiyo. Mlango uko wazi, tunachohitaji ni mtu wa kusaini.

Na nyinyi wazazi mliotaka kujua kama binti anaweza kwenda peke yake, jibu langu ni ndiyo. Asafiri mchana panapowezekana, alale kwenye hosteli za chuo, asikubali chumba cha mtaani asichokiona, na awe na namba ya jamaa mmoja wa kuaminika Dar. Wakongomani wapo wengi Kariakoo, na wengi wao wanatoka hapahapa. Nilipougua malaria, mama mmoja wa Kampemba, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, anayeuza vikwembe, yaani vitenge, kule alinipeleka zahanati, akaninunulia dawa, akanipikia bukari.

Wadogo zangu, muhula wa pili kule kwa kawaida huanza kati ya Machi na Aprili. Anayetaka kwenda aanze sasa: nakala ya alama zilizothibitishwa, pasipoti, barua mbili za walimu, na ukurasa mmoja unaoeleza unakwenda kutafuta nini. Ukurasa huo ndio mgumu, nami niko tayari kuusoma pamoja nanyi. Jumamosi asubuhi nitakuwa maktaba, meza za nyuma, na nitakuja na majina ya koo za Bunkeya aliyonipa yule mzee. Wenye ndugu Bunkeya, waulizeni kabla ya Jumamosi. Asanteni sana.